Nambari sita zilizomtoa mpwa wangu machozi

  Iwapo wewe ni mkaazi wa Nairobi wa siku nyingi, bila shaka waukumbuka mchezo wa pata potea. Mtu hukaa kando ya njia na kipande cha katoni magotini, akazivuruga karata tatu kwa kasi, huku akiwaita wapita njia waonyeshe iliko ile yenye bahati. Mgeni aliyeteremka sasa hivi kutoka kwa basi la mashambani husimama kutazama. Humwona mtu akiweka pesa na kushinda. Wa pili naye hushinda. Ndipo mgeni naye hutia mkono mfukoni, akatoa karo ya mtoto, na kabla ya kupepesa macho pesa zimekwenda.

Siri ya mchezo huo haikuwa katika karata. Ilikuwa katika wale wawili walioshinda, kwani walikuwa wenzake mwenye karata. Mgeni hakumwamini mwenye katoni. Aliwaamini watu aliodhani ni wapita njia kama yeye. Nakuomba uliweke jambo hilo akilini, kwa sababu leo nataka tuzungumze juu ya pata potea ya siku hizi, ambayo haichezwi River Road bali imo katika simu uliyoishika mkononi.

YALIYOMFIKA MPWA WANGU

Mpwa wangu ni msichana mwenye bidii. Alipomaliza chuo alitembea na vyeti vyake kutoka ofisi moja hadi nyingine bila mafanikio, kisha akaamua kuoka keki jikoni mwa mamake, katika mtaa mmoja wa Eastlands. Alianza na keki za siku za kuzaliwa, baadaye akaingia za arusi. Duka hakuwa nalo. Duka lake lilikuwa akaunti katika mtandao mmoja wa kijamii, ambamo alibandika picha za keki alizooka. Kwa miaka mitatu alijenga jina lake hapo, hata akapata wafuasi zaidi ya elfu sita. Aliyetaka keki alimwandikia papo hapo, akamtumia nusu ya bei kwa M-Pesa ili anunue unga na mayai, na nusu iliyobaki akalipa keki ikifika.

Ijumaa moja usiku, akiwa amechoka kwa kazi ya mchana kutwa, alipata ujumbe. Aliyeuandika alijiita afisa wa idara ya uthibitishaji ya mtandao ule. Nembo ilikuwa ile ile na lugha ilikuwa ya heshima. Alimpongeza, akamwarifu kwamba akaunti yake imeteuliwa kupewa tiki ya buluu, ile alama inayowekwa kando ya majina ya watu mashuhuri. Alitakiwa tu ajaze fomu fupi kabla ya saa 24 kwisha. Asipofanya hivyo, akaunti yake ingehesabiwa kuwa ya bandia na ingefungwa.

Hebu jiweke mahali pake, msomaji. Upande mmoja kuna sifa aliyokuwa akiitamani, upande wa pili kuna hofu ya kupoteza jasho la miaka mitatu, na katikati kuna saa inayohesabu. Alibonyeza kile kiungo. Fomu ikafunguka, akajaza jina, anwani ya barua pepe na nywila, yaani neno lake la siri. Hata dakika haikupita, simu ikalia. Ilikuwa arafa yenye nambari sita. Ukurasa ukamwomba aziandike nambari hizo ili shughuli ikamilike. Akaziandika. Ukurasa ukamshukuru, naye akaenda kulala akiwa na furaha.

Asubuhi hakuweza kuingia dukani mwake. Nywila ilikuwa imebadilishwa, barua pepe imebadilishwa, nambari ya simu imebadilishwa. Wafuasi wake waliendelea kuziona picha zake zile zile, lakini sasa pamoja na tangazo jipya: bei zimepunguzwa kwa nusu hadi mwisho wa mwezi, mradi mteja alipe pesa zote mapema kwa nambari mpya.

Hapo ndipo mpwa wangu alipofanya kosa la pili, ambalo kwa maoni yangu lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Hakumwambia mtu. Aliona haya. Msichana aliyesoma hadi chuo atawaambiaje watu kwamba alitoa neno lake la siri kwa mikono yake mwenyewe? Alishinda Jumamosi nzima akihangaika peke yake chumbani. Siku hiyo moja ndiyo iliyowagharimu wateja wake. Mmoja wao, mama aliyekuwa akimwandalia bintiye siku ya kuzaliwa, alituma Sh4,500. Jumapili alasiri watoto walikaa mezani wakingoja keki ambayo hakuna aliyeioka.

Jioni hiyo mpwa wangu alinipigia simu akilia. "Mjomba," aliniambia, "wananiita mwizi."

Hakuwa akiililia akaunti. Alikuwa akililia jina lake.

HILA YENYEWE INAVYOFANYA KAZI

Wengi hudhani kwamba matapeli hawa ni mabingwa wa kompyuta wanaoweza kupenya popote. La hasha. Aghalabu hawavunji mlango. Hubisha hodi, ukawafungulia.

Akaunti iliyolindwa vyema huwa na kufuli mbili. Ya kwanza ni nywila. Ya pili ni zile nambari sita ambazo mtandao hukutumia mtu anapojaribu kuingia kutoka kwa simu au kompyuta usiyoizoea. Mpwa wangu alipoandika nywila katika fomu ya bandia, tapeli aliichukua saa ile ile, akaenda nayo kwenye mtandao wa kweli na kujaribu kuingia. Mtandao ukashuku, ukatuma nambari sita kwa mwenye akaunti. Tapeli hakuwa na njia ya kuziona ila kwa kumwomba mwenyewe. Naye alimwomba kwa adabu, akapewa.

Tazama ujanja ulipo. Ile arafa ya nambari sita ilikuwa ya kweli. Ilitoka kwa mtandao wenyewe. Kwa hiyo msichana alipoiona, imani yake ilizidi badala ya kupungua. Ni kama yule mgeni wa pata potea: alichokiona kwa macho yake ndicho kilichommaliza.

Basi lishike hili hata ukiyasahau mengine yote: nambari zile ni za kuandikwa na wewe, mahali ulipoingia wewe, kwa shughuli uliyoianzisha wewe. Zikija bila ya wewe kuziomba, maana yake ni kwamba kuna mtu mlangoni mwako. Hazisomwi kwa mtu kwenye simu, hazitumwi kwa rafiki, wala haziandikwi katika ukurasa ulioletewa.

Usidhani wanaonaswa ni waoka keki peke yao. Mnamo Julai 15, 2020, akaunti za Barack Obama, Joe Biden, Bill Gates na watu wengine mashuhuri katika Twitter zilinyakuliwa kwa siku moja. Ujumbe uliotokea humo uliwaahidi watu kwamba wakituma sarafu za kidijitali za bitcoin watarudishiwa maradufu. Zaidi ya dola 100,000 zilikusanywa kwa muda wa saa chache. Jinsi walivyoingia ni hivi: waliwapigia simu wafanyakazi wa kampuni yenyewe, wakajifanya watu wa idara yao ya kompyuta waliokuja kuwasaidia, wakawaelekeza kwenye ukurasa wa bandia, na wafanyakazi wakaandika nywila na nambari zao humo. Ni mbinu ile ile iliyomnasa mpwa wangu. Kiongozi wa njama hiyo alikuwa kijana wa miaka 17 kutoka Tampa, Florida. Mwaka 2021 alikiri mashtaka na kuhukumiwa kifungo cha miaka mitatu.

Kwa hiyo, mzazi, mwanao akinaswa usimwite mjinga. Walionaswa siku ile walikuwa watu wanaolipwa mshahara wa kuilinda milango hiyo.

TIKI HIYO NI KITU GANI?

Ili tusidanganywe na alama, yafaa tujue asili yake. Twitter ilianza kuitoa mwaka 2009, baada ya mkufunzi mashuhuri wa besiboli huko Marekani, Tony La Russa, kuishtaki kampuni hiyo kwa sababu ya mtu aliyefungua akaunti kwa jina lake. Kwa miaka mingi alama hiyo haikununuliwa. Kampuni ndiyo iliyochagua nani apewe: viongozi, waandishi wa habari, wasanii na wanamichezo. Ndiyo sababu watu waliitamani, na kitu kinachotamaniwa sana hakikosi walaghai.

Mambo yalibadilika Elon Musk alipoinunua kampuni hiyo Oktoba 2022. Mwezi uliofuata yeyote aliyelipa dola 8 kwa mwezi aliweza kupata tiki. Siku chache tu baadaye mtu mmoja aliilipia, akajiita kampuni ya dawa ya Eli Lilly na kutangaza kwamba dawa ya insulini sasa ni ya bure. Kampuni yenyewe ikalazimika kuomba radhi kwa jambo ambalo haikulisema. Aprili 2023 waliokuwa na alama za zamani bila kulipa walianza kunyang'anywa, na Julai mwaka huo Twitter ikabadilishwa jina na kuitwa X. Kampuni ya Meta, yenye Facebook na Instagram, nayo ilitangaza Februari 2023 kwamba itaanza kuuza huduma kama hiyo.

Nimeeleza hayo kwa sababu mbili. Kwanza, kuona tiki kando ya jina si hoja ya kumwamini mtu kwa macho yaliyofumbwa. Huenda ameilipia jana. Pili, anayeitaka huiomba mwenyewe, ndani ya programu yenyewe, katika sehemu ya mipangilio, na hulipia humo humo. Hakuna afisa anayezunguka usiku wa Ijumaa akigawa tiki kwa watu wasioziomba.

TAPELI MMOJA, NGUO NYINGI

Tiki ni nguo moja tu ya tapeli huyu. Leo akiivua, kesho atavaa nyingine.

Mara nyingine haji na pongezi bali na kitisho. Atakuandikia kwamba umebandika picha au wimbo wa mwenyewe bila idhini, kwamba umelalamikiwa, na kwamba ukurasa wako utafutwa kesho usipojitetea kupitia kiungo alichokupa. Wenye biashara na makanisa yenye kurasa zao ndio wanaoandamwa sana kwa njia hii.

Mara nyingine huja kwa sura ya rafiki. Unapata ujumbe katika WhatsApp kutoka kwa mtu unayemjua, tuseme mwenyekiti wa chama chenu: "Samahani, nimetuma nambari sita kwako kwa makosa, nirudishie tafadhali." Kumbe akaunti ya mwenyekiti imeshanyakuliwa, na aliyeshika usukani sasa anajaribu kuifungua WhatsApp yako katika simu yake. Nambari hizo ndizo zitakazomkabidhi. Akizipata, ataingia katika vikundi vyako vyote na kuwaomba jamaa zako pesa: mtoto amelazwa, gari limeharibika njiani, nitalipa kesho asubuhi. Hapa ndipo wale watu wawili wa pata potea wanaporudi. Jamaa zako hawatamwamini mgeni. Watakuamini wewe.

Vijana nao huletewa ombi tamu: "Nimeingia shindano, nipigie kura hapa." Ukibonyeza, unaulizwa nywila ya akaunti yako ndipo upige kura. Kura haipo, ila nywila imekwenda.

Wa mwisho ndiye mwovu kuliko wote, kwa kuwa humfuata aliyekwisha kuumwa. Punde tu ukilalamika hadharani kwamba akaunti yako imeibwa, watatokea watu wakisema wanamjua fundi hodari anayeweza kuirudisha kwa ada ndogo. Mpwa wangu aliandikiwa na watano kwa siku moja. Mmoja alitaka Sh3,000. Nilimwambia, "Mwanangu, anayetaka kukuuzia maji wakati nyumba inaungua, kwanza muulize ni nani aliyewasha moto."

DALILI ZA KUTAZAMA

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Zipo dalili ambazo hata mtoto wa shule anaweza kuzitambua.

Dalili ya kwanza ni haraka. Tapeli hakupi nafasi ya kufikiri, kwa kuwa fikira ndizo adui yake. Ukiona saa 24, ukiona "sasa hivi", ukiona "mara ya mwisho", weka simu chini na uchemshe chai. Jambo la kweli litakungoja umalize kikombe.

Dalili ya pili ni mahali ujumbe ulipotokea. Makampuni haya hayamtumi mtu kuja kuzungumza nawe katika ujumbe wa faragha, au kwa WhatsApp, akuulize nywila. Ikiwa ni barua pepe, unaweza kuipima. Instagram, kwa mfano, ina sehemu katika mipangilio yake ya usalama inayoonyesha barua pepe ambazo imekutumia hivi karibuni. Kama uliyoipata haimo, basi si yao.

Dalili ya tatu ni anwani ya ukurasa. Wengi hutazama mwanzo tu, wakiona neno "facebook" wanaridhika. Anwani haisomwi hivyo. Ruka ile https na mikwaju miwili inayoifuata, kisha utafute mkwaju wa kwanza baada ya hapo, halafu usome maneno yaliyo karibu kabisa kabla yake. Ikiwa hapo pana facebook.com basi, uko kwa wenyewe. Ikiwa facebook imefuatwa na kistari na neno jingine, au facebook.com imefuatwa na nukta na maneno mengine kabla ya mkwaju kufika, hapo umo nyumbani kwa mtu usiyemjua. Ile picha ya kufuli, ukiiona juu, isikudanganye. Maana yake ni kwamba hakuna anayesikiliza mazungumzo njiani. Haisemi kwamba unayezungumza naye ni mwaminifu. Wezi nao hufunga milango yao.

Dalili ya nne ni kile unachoombwa. Jina lako si siri, na hata barua pepe yako si siri. Lakini nywila, nambari sita, nambari ya siri ya M-Pesa na picha ya kitambulisho ni kama ufunguo wa nyumba. Hakuna mgeni anayehitaji ufunguo wako ili akupe zawadi.

LINDA NYUMBA KABLA YA MWIZI KUFIKA

Nakuomba leo, baada ya chakula cha mchana, jamaa yote ikae pamoja kwa nusu saa na simu zenu. Watoto wawafundishe wazazi palipo na ugumu; hakuna aibu katika hilo.

Anzeni na WhatsApp. Ingieni kwenye mipangilio, kisha akaunti, muwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Hapo utachagua nambari yako mwenyewe ya tarakimu sita. Hata tapeli akipata zile zinazotumwa kwa arafa, atakwama kwenye hii. Usichague mwaka uliozaliwa. Mkiwa hapo hapo, tazameni orodha ya vifaa vilivyounganishwa na akaunti. Ukiona kompyuta usiyoijua, iondoe.

Kisha nendeni kwenye mitandao mingine muwashe ulinzi kama huo. Ikiwezekana tumieni programu inayotengeneza nambari ndani ya simu na kuzibadilisha kila sekunde 30, badala ya kungoja arafa. Sababu ni kwamba laini ya simu yenyewe huweza kuibwa, mtu akajifanya ndiye wewe na kupewa kadi mpya ya nambari yako. Wateja wa Safaricom wanaweza kupiga *100*100# ili laini isibadilishwe mpaka mwenyewe afike dukani na kitambulisho chake. Hata hivyo msisahau kwamba nambari za programu nazo huweza kuombwa na tapeli. Kufuli ni nzuri, lakini haimzuii mwenye nyumba kufungua.

Nywila ya barua pepe iwe ya peke yake, isifanane na nyingine yoyote. Barua pepe ndiyo mama wa akaunti zote, kwa kuwa humo ndimo nywila mpya zinamotumwa ukisahau ya zamani. Aliyeshika barua pepe yako ameshika kila kitu.

Mwisho, wekeni neno la nyumbani. Kubalianeni jina moja ambalo hamliandiki popote, labda la mbuzi wa nyanya au la jirani wa zamani. Mtu akiomba pesa kwa ujumbe, hata kama ni kwa jina na picha ya baba, mpigieni simu, mkishuku mumwulize neno hilo. Senti za kupiga simu ni kidogo kuliko hasara.

UKIWA UMESHAUMWA

Jambo la kwanza si kompyuta. Jambo la kwanza ni mdomo. Sema. Waambie jamaa, wateja, chama na kikundi cha darasa, saa ile ile: "Akaunti yangu imeibwa, msitume pesa." Kila saa unayonyamaza kwa ajili ya aibu, mwingine anatapeliwa kwa jina lako.

Pili, jaribu kuingia na kubadilisha nywila kabla mlango haujafungwa, kisha uwaondoe watumiaji wote wengine. Ukiwa umeshafungiwa nje, yapo maombi rasmi ya kurudishiwa: facebook.com/hacked kwa Facebook na instagram.com/hacked kwa Instagram. Andika anwani hiyo kwa mkono wako. Usifuate kiungo cha mtu. Kwa WhatsApp, iandikishe upya nambari yako katika simu yako. Nambari sita zikifika na ukaziandika, aliyekunyang'anya hutolewa. Iwapo yeye ameweka nambari yake ya hatua mbili, utangoja siku saba, lakini kuanzia hapo naye hawezi kuitumia.

Tatu, kama pesa zimetumwa kwa M-Pesa, aliyezituma apeleke ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 bila kukawia ili aombe zirudishwe. Si ahadi kwamba zitapatikana, kwani tapeli huzitoa upesi, lakini dakika za kwanza ndizo zenye matumaini. Nambari ya tapeli nayo iripotiwe kwa kupeleka ujumbe wake kwa 333.

Nne, hifadhi ushahidi. Piga picha za skrini zenye majina, nambari, tarehe na saa, kisha upige ripoti katika kituo cha polisi na kupewa nambari ya OB. Jambo hili si mzaha mbele ya sheria. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018, kumhadaa mtu kwa ukurasa au ujumbe wa bandia ili atoe siri zake kuliwekewa faini isiyozidi Sh300,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, ina nambari ya simu isiyolipishwa, 0800 722 203.

SWALI LA MWANAFUNZI

Kijana mmoja wa chuo kikuu ameniuliza hivi: "Kuna mtu katika kikundi chetu anayeuza tiki ya buluu kwa Sh2,000. Anasema ana rafiki ndani ya kampuni. Wenzangu wawili wamethibitisha kwamba walipata. Je, ninunue?"

Mwanangu, usinunue. Tiki halali hulipiwa ndani ya programu, haina wakala wala rafiki wa ndani. Huyo atachukua Sh2,000 zako, kisha atakuomba nywila ili "akuwekee", na atakuachia mikono mitupu. Ama wale wenzako wawili waliothibitisha, je, umezungumza nao ana kwa ana, au umesoma tu maandishi yao kikundini? Yarudie niliyosema mwanzoni juu ya watu wawili wanaoshinda kando ya katoni.

MWISHO WA KISA

Mpwa wangu alipata akaunti yake baada ya siku kumi na moja, kwa kufuata njia rasmi, bila kumlipa fundi yeyote. Siku tatu kati ya hizo alizitumia kuwapigia wateja wake simu, mmoja mmoja, akiwaeleza yaliyotokea na kuwaomba radhi. Wengine walimsikiliza. Wengine walimkatia simu.

Yule mama aliyepoteza Sh4,500 hakudai kitu. Hata hivyo, Jumamosi iliyofuata msichana alioka keki kwa unga wake na mayai yake, akaandika juu yake jina la yule mtoto, akaipeleka mwenyewe kwa matatu akiwa ameipakata magotini. Mamake alimuuliza kwa nini ajitie hasara mara mbili. Akajibu kwamba mtoto yule alimngoja yeye, hakumngoja tapeli.

Siku hizi amebandika maneno juu ya ukurasa wake: nambari ya malipo haibadiliki kamwe, na ukiona imebadilika nipigie kwanza. Nadhani maneno hayo yanamlinda zaidi ya tiki yoyote. Yule mama angali mteja wake, na mwezi uliopita alimletea oda ya keki ya arusi ya dadake.

Basi msomaji, kabla hujaikunja sehemu hii ya gazeti, mkumbuke mtu mmoja ambaye bado hajawasha kufuli ya pili: labda mama kijijini, labda kaka aliye kazini Ghuba. Mpigie leo. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.